Kiboko wa Oda na Mkono wa Mchongaji

Kisumu, mazungumzo ya sanaa yakinoga, hapakosi mtu wa kusema kwamba wachongaji wa mawe wa Tabaka, kule Kisii, ni mafundi tu. Nafsi itaonekana wapi, wanauliza, mtu akichonga viboko mia mbili wa saizi moja?

Hoja hiyo ina shahidi mzito. Elkana Ong'esa, wa Tabaka hiyohiyo, alichonga alichokiona kichwani mwake, na ndege wake wa amani yuko makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Kazi ile ina mwenyewe. Kiboko wa oda ana bei tu.

Tena oda hubana kweli. Dalali akitaka familia ya watu watano walioshikana mabega, ukarefusha shingo ya mmoja kwa kuwa moyo umekutuma, kazi inarudi. Hapo sibishi.

Ila sijui wangapi kati ya wanaosema hivyo wamewahi kukaa kitako kando ya mchongaji. Mimi nilikaa. Jiwe wanalochonga, jiwe la sabuni, ni laini, na likilowa hulainika zaidi, kwa hiyo panga na kisu vinatosha. Ulaini huo ndio unaomuumbua mtu: jiwe halibishani na mkono, linapokea kila tabia yake. Mzee mmoja aliokota kiboko ambaye hajapigwa msasa, akamgeuza mara moja. "Huyu ni wa jirani," akasema. "Masikio anayalaza nyuma, kama mbwa aliyekemewa." Ya viboko wake mwenyewe yalisimama wima. Oda ilitaja urefu na rangi, masikio haikuyataja.

Tangu siku hiyo nina shaka na huu uhuru wa kuchagua tunaousifu. Anayejua kwamba anajieleza hujipamba, kama mtu aliyekwenda studio kupigwa picha. Kiboko wa mia moja na arobaini huchongwa akili ikiwa kwenye karo ya mtoto. Mkono umeachwa peke yake, na hapo ndipo unapotoboa siri.

Wapo pia akina mama wa msasa, ambao mjadala huu huwaruka kabisa. Wameinamia beseni la maji. Mmoja anasugua hadi kiboko anateleza kama samaki, mwenzake anaacha ukingo kidogo mgongoni. Basi kiboko huyo ana nafsi za watu wawili, na bado hana jina hata moja.

Nilimuuliza mzee mbona haandiki lake. Akacheka, akasema huko dukani watabandika karatasi yao juu yake. Kisha akawalaza viboko watatu chali. Chini ya tumbo la kila mmoja palikuwa na mkwaruzo mfupi wa kisu, palepale, ukielekea upande uleule. Msasa ulikuwa umepita kote isipokuwa hapo.