Mimea mitatu Ujerumani, miaka 30 Tanzania

Tangu tarehe 1 Aprili 2024, mtu mzima ambaye ameishi Ujerumani kwa muda usiopungua miezi sita anaruhusiwa kuotesha bangi nyumbani kwake kwa matumizi yake mwenyewe, mradi mimea isizidi mitatu kwa wakati mmoja na akiba iliyokaushwa isizidi gramu 50. Sheria haiulizi uraia. Mimi ni Mtanzania ninayefanya kazi hapa, na nimeitumia ruhusa hiyo kama anavyoitumia jirani yangu Mjerumani, kwa mbegu zilizonunuliwa kihalali. Kitendo hichohicho kikifanyika nyumbani kwetu kinaingia katika Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na wako watu waliohukumiwa kifungo cha miaka 30 jela kwa makosa ya bangi chini ya sheria hiyo. Ninaandika kwa sababu ndugu na marafiki wananiuliza mara kwa mara kuhusu jambo hili, na kwa sababu nimekuwa na msimamo ambao sikuwa nao nilipoondoka.

Kwanza niseme kuhusu kazi yenyewe, maana wengi wanadhani bangi huota kama magugu na haihitaji mkono wa mtu. Mbegu nzuri huwa ngumu, ya kahawia yenye mabaka, na haipondeki ukiibana kwa vidole. Ile ya kijani kibichi au nyeupe mara nyingi haijakomaa. Katika unyevu na joto la nyuzi 20 hadi 25 hupasuka ndani ya siku chache na kutoa mzizi mweupe, ambao hautakiwi kuguswa. Inafukiwa kina cha sentimita moja tu, kwenye udongo mwepesi usio na mbolea nyingi, kwa kuwa mche mchanga huunguzwa na chakula kingi kuliko unavyodhurika kwa njaa. Majani mawili ya kwanza ni ya mviringo na hayana meno. Yanayofuata yana kidole kimoja, kisha vitatu, kisha vitano, na hapo ndipo mmea unaanza kufanana na ule unaojulikana. Anayeanza huua miche yake zaidi kwa maji kuliko kwa ukame: udongo ukikaa umelowa, shina huoza pale linapotokea ardhini, mche ukalala chini usiku mmoja na asubuhi hakuna dawa. Njia ya kuaminika ni kuinua chungu na kupima uzito wake kwa mkono, na kumwagilia pale tu kinapokuwa chepesi.

Halafu kuna jinsia. Mbegu za kawaida hutoa madume na majike karibu nusu kwa nusu, na dume likiachwa lipukutishe chavua, majike huacha kunenepesha maua yao na kuanza kutengeneza mbegu. Kwa hiyo mkulima hukagua vifundo vya shina kila siku: vifuko vidogo vya mviringo ni dume, nyuzi mbili nyeupe ni jike. Hapa Ulaya wanaoanza wengi hununua mbegu zilizoandaliwa kutoa majike pekee, wakaepuka shughuli hiyo yote.

Jambo lililonigusa zaidi ni mwanga. Bangi ya kawaida huchanua usiku unaporefuka. Katika kiangazi cha Ujerumani mchana wa mwezi Juni unazidi saa 16, hivyo mmea uliopandwa nje huendelea kurefuka na kutanuka bila ua hadi usiku uanze kurudi mwezi Agosti, na unakomaa Septemba au Oktoba, wakati mvua na baridi zimeshaleta ukungu wa kijivu unaoozesha maua kutokea ndani. Ndiyo maana watu hufungia mimea ndani ya hema lenye taa na feni, wakawasha saa 18 kwa siku ili ikue, kisha wakashusha hadi saa 12 ili ichanue. Wanalipia umeme kuiga kile ambacho kaskazini mwa Tanzania kinapatikana bure, ambako mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka haupishani hata nusu saa. Vijiji vya Kisimiri kule Arumeru, na baadhi ya maeneo ya Tarime, vimekuwa vikitajwa kwa kilimo hiki kwa miaka mingi. Anayelima huko, mara nyingi akiificha katikati ya mahindi, anajua udongo wake, anajua kutambua dume mapema na kuling'oa, na anajua siku ya kuvuna, bila hema wala kipimo. Ujuzi ambao mimi naupata kwa kusoma na kuuliza bila hofu, yeye anao tangu utotoni, na ndio unaomfikisha mahakamani.

Sisemi kwamba Ujerumani imepatia kila kitu. Sheria yao inamruhusu mtu kulima mimea mitatu lakini inamkataza kuwa na zaidi ya gramu 50 nyumbani, ilhali mmea mmoja uliopata jua zuri bustanini unaweza kuvuka kiwango hicho peke yake. Kinachozidi hakiuzwi, hakigawiwi hata kwa rafiki, na kisheria kinatakiwa kiharibiwe. Mtu wa shamba hawezi kuelewa kwa nini amlee mmea miezi minne au mitano kisha ateketeze sehemu kubwa ya mavuno. Hata hivyo, masharti mengine nayaunga mkono kwa moyo wote: mimea lazima iwekwe mahali ambapo watoto na wageni hawawezi kuifikia, na hairuhusiwi kuvuta karibu na shule au uwanja wa michezo wa watoto. Ubongo wa kijana bado unajengeka hadi miaka ya ishirini na kitu, na bangi kali inayovutwa mara kwa mara katika umri huo inaongeza hatari ya magonjwa ya akili. Mzazi wa Tanzania anayeogopa hilo ana haki ya kuogopa, na sitaki kumbishia.

Ninachombishia ni imani kwamba kifungo kirefu kinamlinda mtoto wake. Msokoto unaouzwa kwa kificho haujulikani ulilimwa wapi, ulipuliziwa dawa gani ya wadudu, ulikaushwa vipi, wala una nguvu kiasi gani, na anayeuza haulizi umri wa mnunuzi. Bangi niliyoikausha mwenyewe gizani, taratibu, kwa karibu wiki mbili, ninajua haina ukungu wala sumu, kwa sababu sheria imenipa nafasi ya kuwa makini. Mkulima anayesikiliza kama kuna gari la askari linapanda mlima hana nafasi hiyo; anavuna mapema, anarundika kwenye magunia ikiwa mbichi, na uozo unaozaliwa humo unamfikia mtumiaji.

Kwa wenzangu tulio nje nina ombi moja la dhati: ruhusa ya hapa inaishia mpakani. Usibebe mbegu kwenye mzigo kwa kudhani ni zawadi ndogo, na usimshawishi ndugu yako aoteshe nyuma ya nyumba kwa maelekezo ya simu. Kesi itakuwa yake, na wewe utabaki huku ukituma hela za wakili.

Kwa watunga sheria wa nyumbani, sipendekezi wainakili Ujerumani. Napendekeza adhabu itofautishe mtu mwenye mimea michache na msafirishaji mwenye shehena. Na ikiwa siku moja Tanzania itafungua mlango wa kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa, kama Lesotho ilivyoanza kutoa leseni mwaka 2017 na Malawi ikapitisha sheria yake mwaka 2020, ada za leseni ziwekwe kwa kiwango ambacho ushirika wa wakulima wadogo unaweza kulipa. Kule Lesotho mlango ulipofunguliwa waliopita ni hasa kampuni zenye mtaji wa kigeni, na wakulima wa milimani waliokuwa wakiilima bangi kabla yao wakabaki nje, wakiendelea kuvunja sheria kwa zao lilelile.