Maziwa mabichi kwa watoto: hatari kubwa imejificha kwenye mtindi

Mzazi anayewapa wanawe maziwa mabichi kwa kawaida hujitetea kwa mambo matatu: anamjua ng'ombe yanakotoka, anaamini moto unaua virutubisho, na wazee wake walikunywa moja kwa moja kutoka kwenye kibuyu wakakua vizuri. Si maneno ya kubezwa. Mojawapo lina uzito mkubwa, nalo tutalirudia.

La virutubisho ndilo jepesi. Kalsiamu, protini na mafuta hubaki baada ya kuchemsha. Vitamini za jamii ya B hupungua kidogo. Vitamini C hupungua zaidi, lakini nani alitegemea maziwa kwa vitamini C? Kipande cha papai kinampa mtoto nyingi kuliko kikombe kizima. Wapo pia wanaosema maziwa mabichi hayamjazi mtoto gesi. Sukari ya laktozi iko ileile, yawe mabichi au yamechemshwa. Kinachomsaidia mtoto wa namna hiyo ni mtindi, kwa kuwa bakteria wa kugandisha wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo.

Hoja nzito zaidi inatoka Ulaya. Mwaka 2011 watafiti wa mradi wa GABRIELA walionyesha kwamba watoto wa vijijini Ujerumani, Austria na Uswisi waliokunywa maziwa ya shambani yasiyochemshwa walikuwa na pumu kidogo kuliko wenzao. Matokeo hayo ni ya kweli na yanastahili heshima. Lakini watafiti wenyewe hawakushauri mtu ayanywe mabichi. Tena nchi hizo zilikuwa zimekwisha kuitokomeza brusela, ugonjwa wa bakteria unaompata mtu kupitia maziwa, katika ng'ombe wao. Kwetu Tanzania na Kenya bado ipo, kwa hiyo kikombe cha kule hakilingani na cha huku.

Brusela ndiyo inayotutia hofu kuliko yote, kwa sababu haionekani. Ng'ombe hutupa mimba, mara nyingi kati ya mwezi wa tano na wa nane wa mimba hiyo, pengine na kondo la nyuma likagoma kutoka. Baada ya hapo anaweza kushika tena, akazaa ndama mzima na kutoa maziwa meupe, yenye ladha na harufu ya kawaida, huku vimelea vikitoka humo humo. Mzazi anayesema "ng'ombe wangu ni mzima" anasema alichokiona kwa macho, ilhali jibu liko kwenye kipimo cha damu anachochukua daktari wa mifugo. Mitamba, yaani ng'ombe jike wachanga, huchanjwa dhidi yake wakiwa na miezi 3 hadi 8. Mtoto aliyeambukizwa hupata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo. Anatibiwa malaria, kisha taifodi, na wiki zinapita. Ikigundulika, anameza dawa mbili kwa pamoja kwa muda wa wiki 6 au zaidi.

Kwenye chai, familia nyingi ziko salama bila hata kufikiria, kwani chai ya maziwa huchemka sufuria moja na maziwa yake. Mtoto huyapata mabichi kupitia mtindi. Watu huamini kwamba maziwa yakishachacha yamejitibu. Asidi huua baadhi ya vimelea, lakini brusela na kifua kikuu cha ng'ombe vinaweza kustahimili humo kwa siku kadhaa. Na ipo sababu ya kweli inayowafanya akina mama wasichemshe: maziwa yaliyochemshwa hayagandi yenyewe. Moto umeua pia bakteria wa kugandisha, na yakiachwa hivyo hivyo huoza na kuwa machungu.

Dawa yake ni kuyatia mbegu, yaani mtindi kidogo wa kugandishia. Chemsha maziwa; povu likipanda punguza moto, koroga hadi chini, uyaache yachemke dakika 2 au 3. Funika, kisha tumbukiza sufuria kwenye beseni la maji baridi hadi maziwa yawe vuguvugu, kiasi cha kidole kilichonawa kukaa ndani bila kuungua. Tia vijiko 3 vya mezani vya mtindi kwa kila lita, koroga taratibu, funika na uache pasipotikiswa kwa saa 12 hadi 24. Nyanda za juu funga chombo kwa blanketi. Maji yakijitenga juu, joto lilizidi au ulichelewa. Yakivutika kama kamasi, mwaga: chombo kilikuwa kichafu au mbegu imechoka. Kosa linaloharibu kazi yote ni kuchukua mbegu kwenye mtindi wa maziwa mabichi, au kuyarudisha yaliyochemka kwenye dumu lililoyaleta. Dumu la plastiki lina shingo nyembamba. Mkono hauingii, na mikwaruzo ya ndani huficha uchafu ambao sabuni haiufikii. Tumia chombo cha alumini au chuma cha pua chenye mdomo mpana.

Hata kibuyu cha wazee hakilazimishi maziwa mabichi. Familia nyingi za Wakalenjin wa Kenya hutengeneza mursik, maziwa yao ya mgando, kwa maziwa yaliyochemshwa na kupozwa kwanza, kisha huyamimina kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Ladha ya moshi iko palepale.

Sasa lile la kumjua ng'ombe. Hapa mzazi ana haki kuliko wanaomwambia "chemsha tu, inatosha". Moto hauondoi mabaki ya antibayotiki. Hauondoi sumukuvu iliyotoka kwenye pumba au mahindi yaliyoota ukungu akapewa ng'ombe. Wala hauondoi sumu ambayo baadhi ya bakteria huiacha kwenye maziwa yaliyokamuliwa alfajiri na kuzungushwa juani hadi jioni. Mambo haya yanajulikana kwa mfugaji peke yake: ng'ombe alidungwa sindano lini, kama siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa zimeisha, anakula nini, yamekamuliwa saa ngapi. Maziwa ya kopo moja lililokusanywa kwa wafugaji ishirini hayana wa kuyajibia. Kwa hiyo kununua maziwa mabichi kwa jirani unayemwamini, kisha kuyachemsha, ni uamuzi mzuri, na tunautetea.

Anabaki mzazi mwenye ng'ombe mmoja, aliyepimwa na kuchanjwa, anayeosha kiwele, kukikausha kwa kitambaa safi na kumwaga michirizi ya kwanza ya kila chuchu. Huyo amepunguza hatari sana. Lakini aina kali za bakteria wa ikolai (E. coli) huishi kwenye utumbo wa ng'ombe asiye na ugonjwa wowote, na mkia uliopigwa mara moja unatosha kurusha kinyesi kwenye ndoo. Mtu mzima anaweza kuharisha akapona. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, ikolai hiyo inaweza kuharibu figo, na kwa sababu hiyo sufuria ya mtoto tungeiweka motoni hata kwa ng'ombe huyu.