Makala ya KEMSA yalituamsha, kisha hasira ikaenda wapi?

Agosti 2020, Kenya ikiwa bado chini ya kafyu ya corona, runinga ya NTV ilirusha makala ya upekuzi yaliyoitwa Covid-19 Millionaires. Yalisimulia jinsi KEMSA, shirika la serikali linalonunua na kusambaza dawa, lilivyotoa zabuni za barakoa na mavazi ya kujikinga kwa bei za kushangaza, nyingine kwa kampuni zilizosajiliwa miezi michache tu kabla. Mwezi huohuo madaktari wa Nairobi waligoma, wakilalamikia vifaa hivyohivyo. Vijana waliingia barabarani, polisi wakawatawanya kwa vitoza machozi, na tarehe 26 Rais Uhuru Kenyatta akaagiza uchunguzi ukamilike ndani ya siku 21.

Wanaotetea makala ya aina hii wana hoja nzito. Mkenya wa mwaka ule alikuwa amezika wazazi mbele ya watu wachache waliohesabiwa, amefunga kibanda, amelipa faini kwa kukosa barakoa. Jedwali la zabuni peke yake halimtoi mtu kama huyo nyumbani. Akionyeshwa nani kala, na kwamba mlaji ni mtu wa karibu na wakubwa, anatoka. Bila hasira ile sidhani kama Ikulu ingejiwekea muda wa siku 21.

Hoja ya upande wa pili kwa kawaida huletwa na mawakili wa watuhumiwa, ndiyo maana tunaitupa haraka. Kwamba runinga humtia mtu hatiani kabla ya hakimu, ni kweli, ingawa mwenye zabuni ya mamilioni ana uwezo wa kujitetea kuliko wengi wetu. Kinachonisumbua mimi zaidi ni kwamba makala hayaendi bila sura za watu. Yanatafuta bwanyenye, gari lake na jumba lake. Mlango alioingilia hauna sura. Kwa KEMSA mlango huo ulikuwa ununuzi wa moja kwa moja, ambao sheria ya mwaka 2015 inauruhusu penye dharura, pamoja na barua za ahadi ya kununua bidhaa walizopewa wauzaji kabla bajeti haijapitishwa.

Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, aliufikia mlango huo katika ripoti yake maalumu ya Septemba. Shilingi bilioni 7.8 zilitumika kinyume cha utaratibu, na bidhaa za takriban bilioni 6.3 zilikuwa bado maghalani. Hebu isome tena hiyo ya pili: shehena imejaa ghalani huku daktari akigoma kwa kukosa vifaa vya maana. Hakuna picha ya jumba la kifahari inayouma kuliko hapo, lakini ripoti ile haikumwingiza mtu barabarani.

Namibia mambo yalikwenda kwa mpangilio mwingine. Tarehe 12 Novemba 2019 WikiLeaks, mtandao wa kufichua nyaraka za siri, ilimwaga maelfu ya nyaraka za Samherji, kampuni ya uvuvi ya Iceland iliyodaiwa kuwahonga wakubwa ili ipate mgawo wa samaki. Aliyezitoa, Jóhannes Stefánsson, alikuwa ameisimamia biashara hiyo mwenyewe. Kesho yake mawaziri wawili, Bernhard Esau wa uvuvi na Sacky Shanghala wa sheria, wakajiuzulu. Katika uchaguzi wa tarehe 27 Rais Hage Geingob alishinda kwa asilimia 56, kutoka 87 ya mwaka 2014. Filamu ya Al Jazeera kuhusu kashfa hiyo ilirushwa Desemba 1, kura zikiwa zimeshapigwa. Karatasi zilitangulia, picha ikafuata. Hata hivyo kesi ilijikokota kwa miaka, washtakiwa wakiwa rumande na kukana mashtaka, na chama tawala, SWAPO, kilishinda tena mwaka 2024.

Hasira pia ni mtaji wa kura. Mohammed Ali, mwanahabari wa Kenya aliyejijengea jina katika runinga ya KTN kwa makala ya upekuzi ya Jicho Pevu, alichaguliwa mbunge wa Nyali mwaka 2017 kama mgombea huru, na 2022 akarudi bungeni kwa tiketi ya UDA, chama kilichoshika serikali. Si kosa mwanahabari kugombea. Ila mtazamaji ana haki ya kujiuliza atakayemchunguza mheshimiwa ni nani.

Tukirudi KEMSA: Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ilipeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, kamati za Bunge zikaita mashahidi, nchi ikahamia kwenye siasa za BBI, mpango wa kubadili katiba. Mei 2023 shirika lilelile likaingia katika kashfa nyingine, safari hii zabuni ya vyandarua vya mbu iliyofadhiliwa na Global Fund. Rais William Ruto akamfuta kazi katibu wa Wizara ya Afya, akavunja bodi, na mkurugenzi mkuu akaondolewa. Watu walikuwa wapya wote. Makala yajayo, kama yatakuwepo, yangeanza na kamati ya zabuni: nani aliketi, nani alitia sahihi, na ni nani aliyekataa kusaini akahamishwa.