Anayecheka Alipe Mia Tano

Jumamosi nilikuwa harusini, ukumbi mmoja hapa Tanga siutaji maana wenye ukumbi hawana kosa, na mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Ilikuwa ni zamu ya utambulisho. Upande wa mume alisimama baba mdogo mmoja, mzee ana mdomo yule, katambulisha ukoo mzima mpaka na majirani wa Ngamiani barabara ya 12, vigelegele hivyo. Upande wa bibi harusi baba mtu ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo maiki akapewa mdogo wa bibi harusi, kijana wa miaka kama 19, kavaa kanzu mpya bado ina mistari ya kukunjwa dukani. Akasema asalam aleikum. Tukaitikia. Kisha kimya. Koo linapanda linashuka, maiki ameikamata kama kamba ya ndoo ya kisimani, na mkono unavyotetemeka ile maiki inagonga kifungo cha kanzu, ko ko ko, ukumbi mzima tunasikia kwenye spika. MC naye akaona hapo ndo pa kupatia ujiko: "Jamani bwana mdogo kakata netiweki, mwenye vocha amrushie!"

Watu wakaangua kicheko. Simu zikanyanyuka. Natoka nje kutafuta bajaji, video nimeshaikuta kwenye status za watu watatu, tena mmoja ni mtu mzima ana wajukuu. Mtoto wa watu alitaka kumtambulisha mama yake tu basi.

Kesho yake ndo nikasikia wanasema eti vijana wa siku hizi hawajiamini. Ahaa. Hapo nikasema leo lazima niandike.

Hilo neno "jiamini" mie silipendi, ni sawasawa na kumwambia mwenye njaa "shiba". Nimeambiwa jiamini miaka na miaka na halijawahi kunisaidia hata siku moja, maana mie sikuzaliwa naogopa kusema mbele za watu. Mie ni mtoto wa Makorora, madrasa nilikuwa mbele kwenye kaswida, maulidi nasimama mbele ya wazee wenye vilemba vyao nasoma mpaka mwisho na sauti haikatiki. Miaka tisa hiyo! Nikikosea ustadhi ananirekebisha palepale, narudia, tunaendelea, mambo yameisha.

Woga niliupatia sekondari. Unatoka msingi umesoma kila kitu kwa Kiswahili, unaingia fomu wani unaambiwa kuanzia leo hapa ni Kiingereza tu, na zamu ikikufikia unasimama mstarini asubuhi utoe hotuba ya dakika mbili mbele ya shule nzima. Nilijiandaa wiki nzima jamani. Nilichagua mkonge, maana baba yangu alikuwa kibarua shambani, nikakariri kwamba uliletwa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893 na miche iliyopona ni 62 tu, nikakariri kila kitu. Nikasimama, nikataka kuanza kwa kusema baba yangu anafanya kazi shamba la mkonge, kile Kiingereza changu kikatoka "baba yangu ni mkonge."

Aliyeanza kucheka ni mwalimu wa zamu. Wanafunzi wakaona kumbe ruksa.

Wale miche 62 hata sikuwafikia. Nikarudi kwenye mstari nalia, na mpaka namaliza fomu foo jina langu likawa Mkonge, hata mpishi wa shule ananiita Mkonge. Miaka minne sikunyoosha mkono darasani, na majibu nayajua! Baadaye nimeenda intavyuu ya kazi naulizwa jina tu, sauti imegoma.

Sasa niambieni, hapo mgonjwa ni nani? Maana sisi watu wa Tanga kwa kusema hatujambo. Pita baraza yoyote ya kahawa jioni usikie mtu mmoja anavyoshika zamu nusu saa anaeleza meli, mpira, na ndoa ya jirani. Mji huu wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, mji wa taarab, mtu anakurushia fumbo hadharani na tabasamu usoni. Mpe mtu huyohuyo maiki na shuka jeupe mezani, anageuka gogo. Kwa sababu barazani wanamuitikia, ukumbini wanamvizia. Hiyo ndo tofauti. Hata Bibi Titi Mohamed kabla ya TANU alikuwa mwimbaji wa mbele kwenye ngoma ya Bomba kule Dar, alishazoea kutoa sauti ikarudishwa na wenzie, na kwa akili yangu mie ndo maana alipopandishwa jukwaani mbele ya wanaume elfu hakumumunya maneno.

Haya, najua mnataka mbinu, nyie hamkosi. Moyo kudunda na mdomo kukauka ni adrenalini, mwili umedhani umekutana na chui, utapita. Sentensi ya kwanza ikariri kama Fatiha. Vidonge vya propranolol, vya kutuliza mapigo ya moyo, kuna wanaomeza, muulize daktari kwanza, mie nina pumu nikakatazwa kabisa. Halafu kuna mama mmoja wa Harvard, Alison Wood Brooks, 2014 alionyesha kwamba wanaojiambia "nina hamu" kabla ya kuhutubia wanafanya vizuri kuliko wanaojiambia "tulia". Nilicheka, nikajaribu, haya basi, inasaidia kidogo.

Ila kilichonigusa ni cha Savitsky na Gilovich, watafiti Wamarekani pia, 2003. Waligundua kwamba msemaji anadhani woga wake unaonekana wote nje, kumbe wasikilizaji wanauona mdogo sana, na walipowaambia wanafunzi siri hiyo kabla ya kuhutubia, wakahutubia vizuri zaidi. Yaani kule ndani unaungua, nje watu wanaona moshi kidogo tu. Isipokuwa kama ukumbini kuna mtu ana maiki ya pili anawatangazia watu kwamba unaungua.

Mie aliyeniponya ni kikoba, chama chetu cha kuweka na kukopeshana. Tuko wanawake 30, walinipa ukatibu kwa sababu ya mwandiko, hakuna aliyeniambia kuna kusoma. Kikao cha kwanza sanduku limewekwa katikati, wenye funguo wamefungua kufuli zote tatu, mwenyekiti ananiambia haya mwanangu tusomee hisa na mikopo. Karatasi ikaanza kupepea mkononi kama bendera. Mama mmoja akachekea ndani ya mtandio.

Mwenyekiti wetu ni bibi wa miaka sabini na kitu, sauti yake ndogo. Akasema: "Simu ikiita faini mia tano. Kuchelewa elfu. Na kumcheka anayesoma, mia tano. Katibu, andika."

Nikaandika. Na yule mama akalipa palepale, chenji akapewa.

Kikao kilichofuata nikabeba kaunta buku badala ya karatasi, maana kaunta buku zito halipepei, nikasoma nimeinamia daftari mpaka mwisho. Cha tatu nikanyanyua macho mara mbili. Sikumbuki ni kikao cha ngapi niliposoma jina la mdaiwa sugu na nikamtazama usoni, na yeye ndo akainamisha kichwa. Mikono bado inatetemeka, sitawadanganya. Ila hakuna anayenicheka, na aliyetaka kunicheka anapiga hesabu ya mia tano yake kwanza.

Sawa, MC naye yuko kazini, ukumbi ukipoa lawama ni zake, nalijua hilo na nalisema kwa shingo upande. Lakini kulikuwa na kazi gani kumsogelea yule kijana, ukamshika bega, ukamuuliza kwa maiki "huyu mama mwenye gauni la kijani ni nani yako?" Angejibu. Nani anashindwa kusema "mama yangu"?

Jumapili hii nasoma taarifa ya mgao wa mwaka mzima, na waume za watu wamealikwa, kwa hiyo usiku silali. Kaunta buku nimeshalifunika gazeti. Na wewe bibi mwenye wajukuu, ile video bado iko kwenye status yako, nimeiona asubuhi hii. Ifute.