Gari laki mbili, bima laki tatu

Kila nikipiga simu nyumbani Nakuru lazima kuna mtu ataniambia "wewe huko magari ni ya bure, mnaokota tu". Kaka yangu ndiye huanza. Na kusema ukweli kwa bei ya kununua hajakosea, Ford Fiesta yangu ya 2009 nilinunua paundi 1,400 hapa Coventry, Uingereza, hiyo ni kama shilingi laki mbili na nusu hivi za Kenya, na kwa hiyo pesa Nakuru hata Vitz iliyogongwa sidhani unapewa. Lakini bima ya mwaka wa kwanza ilikuja paundi 1,900. Yaani bima imeishinda gari yenyewe! Nilifikiri nimejaza kitu vibaya nikaanza upya, nikajaribu kampuni nyingine na nyingine, wote wakaja na hesabu za kufanana.

Sababu yao ni kwamba mimi ni dereva mpya, na hapo ndipo roho inaniuma mpaka leo. Mimi nimeendesha miaka 9. Nilianza na Probox ya kaka tukibeba viazi kutoka Molo alfajiri, ukungu umeshuka mpaka huoni boneti, malori yamejipanga Salgaa na wewe unatafuta nafasi ya kupita. Hiyo yote hapa si kitu. Leseni ya Kenya unaitumia miezi 12 tu tangu uanze kuishi hapa, baada ya hapo unarudi kuwa mwanafunzi na herufi L nyekundu imebandikwa kwa gari. Mtihani wa kompyuta paundi 23, wa barabarani 62, mwalimu wangu alikuwa 38 kwa saa moja, na tarehe ya mtihani unangoja miezi. Nikaanguka mara ya kwanza kwa sababu ya kutoangalia vioo nikibadilisha leni. Nilikuwa nimeendesha hivyo miaka yote hiyo na hakuna mtu aliwahi kuniambia ni kosa.

Halafu ukipita unaingia miaka miwili ya kuogopa. Ndani ya hiyo miaka ukifikisha pointi 6 za makosa leseni inachukuliwa unaanza tena kutoka mwanzo, na kushika simu mkononi ukiendesha ni pointi 6 hizo hizo pamoja na faini ya paundi 200. Simu moja tu, umerudi kwa L. Mimi yangu naizima naitupa kiti cha nyuma, mama akinipigia nikiwa njiani atanisamehe.

Wengi wenu mliokuja na kazi ya kutunza wazee majumbani, sikilizeni hapa vizuri maana hakuna aliyeniambia. Hiyo kazi bila gari huifanyi, asubuhi uko kwa mzee huyu, saa nne uko kwa yule, na bima ya kawaida ya kwenda kazini na kurudi haikulindi ukizunguka kutoka nyumba ya mteja mmoja hadi nyingine. Lazima useme wazi unatumia gari kikazi, na bei inaweza kuongezeka. Ukinyamaza na ugonge, kampuni inaweza kukuruka. Kitu kingine, sheria ya ushuru inaruhusu ulipwe pensi 45 bila kodi kwa kila maili ya kazi kwa zile maili 10,000 za kwanza za mwaka. Mwajiri wangu alikuwa ananipa 25, na mimi nikanyamaza mwaka mzima kwa sababu sikujua kwamba ile tofauti unaweza kudai ipunguze kodi yako. Dai, ni haki yako, na weka daftari ya maili kutoka siku ya kwanza.

Nyumbani gari ikikushinda unaiegesha. Kaka viazi vikikosa bei anaiacha Probox kwa boma ya mama chini ya mparachichi, bima ya third party alikuwa analipa ya mwezi mmoja mmoja, kwa hiyo mwezi hana kitu halipi kitu. Hapa gari hata ikilala mbele ya nyumba lazima iwe na bima, ukitaka kuacha kulipa unaiandikisha serikalini kwamba imetoka barabarani na unaitafutia mahali pa binafsi pa kukaa, na mimi naishi kwa chumba cha kukodi, mahali pa binafsi nitatoa wapi? Na kwa sababu sikuwa na 1,900 mkononi nililipa kila mwezi, na hiyo nayo ina riba. Maskini analipa zaidi hapa kama kule.

Alafu ukaguzi wa kila mwaka, gari ikishapita miaka mitatu. Ada haizidi paundi 54.85, hiyo ni sawa, shida ni wanachokipata. Yangu ilianguka, springi ya mbele imevunjika na tairi mbili zimeisha, gereji ikaniandikia 340. Nililia kwa gari. Nilikumbuka fundi wetu wa mtaa wa Shabab huko Nakuru, ambaye siku moja tenki ya mafuta ilivuja akaikandika na kipande cha sabuni tukafika nyumbani, na springi angenitafutia ya mtumba kutoka Japani aifunge jioni hiyo hiyo, na kama sina pesa zote angesema utaleta Ijumaa. Huku hakuna Ijumaa.

Lakini huyo fundi ninayempenda hivyo ndiye pia alituambia breki za Probox zitafika mwezi ujao. Hazikufika. Tulikuwa tunateremka Sachangwan na magunia 8 nyuma, kaka akakanyaga, hakuna kitu. Aliishusha kwa gia mpaka akaiingiza kwenye udongo kando ya barabara na sisi wawili tukatoka wazima, mahali pale pale ambapo mwaka 2009 lori la mafuta lilipinduka na watu zaidi ya 100 wakaungua. Bima yetu ilikuwa sawa siku hiyo. Hakuna mtu alikuwa ameangalia zile breki miaka na miaka, na hakuna aliyetuuliza. Kwa hivyo ile 340 iliniuma na nililia, lakini ningependa sana kaka aandikiwe karatasi kama hiyo kila mwaka, hata akinuna.

Bima ndiyo bado sikubaliani nayo. Kumwogopa kijana wa miaka 18 naelewa, lakini mtu mzima aliyebeba viazi usiku miaka tisa bila kugonga hata mbuzi, kumhesabu sifuri si haki. Mwaka wa pili wamenishusha hadi 1,240 kwa kuwa sikudai kitu. Binamu yangu anakuja mwezi wa nane na amesema ameweka laki mbili na nusu ya gari. Nimemwambia asinunue kitu mpaka tukae naye kwanza tupige hesabu ya bima kwa jina lake, na kwa sasa aanze kuangalia vioo huko huko Nakuru.