Mzee anataka kuongea tu, jamani

Hivi hapa mjini kuna mtu bado anauza dakika tupu? Zile za halo, mmeamkaje, haya salimia huko. Maana ndo natoka duka la kampuni moja ya simu nisiyoitaja na kichwa kinaniuma.

Mzee na bimkubwa wako Tanga, wamestaafu, pensheni mnaijua wenyewe. Simu ya mezani walikuwa nayo, ile ya 027, mpaka wazee wa vyuma chakavu wakapita na nyaya za shaba. Smatifoni nilimpa mzee, akampigia shehe vidio kol saa nane usiku yuko na taulo. Ikarudishwa.

Kwa hiyo nikasema nitafute ile ya mezani inayotumia laini, vitufe vikubwa, na kifurushi cha kuongea tu. Nimechomekea, nikakaa foleni kama mtu mwenye akili zake. Dada wa kaunta, karibu mpendwa mteja. Nikamwambia, dada yangu, nataka dakika za mwezi mzima, za wazee. Anasema tunacho kaka, kina na GB 12. Hiyo simu haiingii intaneti, dada. Ndiyo kaka, ila hizo GB ni bonasi. Haya zitoe, itakuwa shilingi ngapi? Haitolewi kaka, ni ya bure. Bure halafu iko kwenye bei? Akatabasamu, akaenda kumwita bosi wake. Bosi kaja na tai, ananishauri niwafungie faiba wazee wawe wanacheki mpira. Mzee wangu mpira anasikiliza redioni, tena anabishana nayo! Basi kuna ofa ya usiku, saa sita mpaka alfajiri, dakika kibao. Kaka, mzee saa tatu ashakoroma, hizo dakika za usiku ampigie nani, shehe? Hapo nadhani sauti ilipanda maana mlinzi alisogea.

Lakini kweli jamani. Mtu kakatwa mshahara miaka yote, leo akitaka kujua mjukuu kapona homa mpaka alipie na YouTube?

Na hata ukipata hicho kifurushi bado usajili, vidole na namba ya NIDA. Vidole vya bimkubwa vimeishia kwenye majivu na kukuna nazi, mashine kila saa jaribu tena, jaribu tena. Januari 2020 walipoanza kufunga laini zisizo na alama za vidole wa kwetu alikuwa wa kwanza kupotea hewani, tukawa tunampata kwa jirani, na jirani naye anasikiliza mpaka mwisho anachangia na mada.

Binamu yangu ananiambia ah, we watumie tu vocha kila wiki. Nani, mimi? Yeye ana elfu hamsini yangu tangu harusi ya dada yake, nikimpigia hapokei, nikituma meseji eti hana salio la kujibu. Jana kapost yuko baharini anakula pweza.