Ukienda Ulaya, Mlo Mkubwa Ule Mchana

Wageni wengi wanaotembelea Ufaransa, Hispania au Italia hushinda na mkate mkononi, kisha usiku wakiwa hoi ndipo wanaingia mgahawani kutafuta mlo wa kukumbukwa. Ushauri wangu ni kugeuza ratiba: mgahawa unaoutamani uende mchana, usiku ujipoze na kitu chepesi.

Sababu ya kwanza ni bei. Jiko ni lilelile, ila mchana huwa kuna seti ya bei moja. Hispania inaitwa menú del día. Ilitokana na agizo la serikali la miaka ya 1960 lililolenga watalii, lakini leo wanaoifaidi hasa ni watu wa maofisini na mafundi. Kwa bei hiyo moja unapata sahani ya kwanza, sahani ya pili, mkate, kinywaji, na kitindamlo au kahawa. Ufaransa utakutana na formule, yaani kitangulizi na chakula kikuu, au chakula kikuu na kitindamlo. Hata migahawa mingi yenye nyota za Michelin, yaani tuzo za mwongozo maarufu wa migahawa, ina seti ya mchana ambayo bei yake iko chini sana kuliko ya usiku. Ila seti hizi mara nyingi ni za Jumatatu hadi Ijumaa. Ukienda Jumamosi utakabidhiwa menyu ya kawaida na bei zake.

Sababu ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito, ni ufupi wa menyu. Ubao wa chaki wenye vyakula vitatu au vinne una maana kwamba jiko linapika vichache kwa wingi, na chakula hakikai sufuriani. Menyu ya kurasa kumi yenye picha na lugha sita haiwezi kupikwa yote upya na wapishi watatu. Friza ndiyo inayofanya kazi hapo.

Saa ndiyo inayowaangusha wengi. Ufaransa, chakula cha mchana ni saa 6 hadi saa 8, na ukifika saa 8 na dakika kumi jiko limeshafungwa, hata kama viti vimejaa watu. Italia huenda hadi saa 8 na nusu hivi. Hispania ni kinyume: saa 6 mchana utakuta wahudumu bado wanapanga meza, kwa sababu watu wanaanza kula saa 7 na nusu au 8, hadi saa 10. Aliyechelewa hubakia na sehemu za kwenye viwanja vya watalii zinazouza kutwa nzima, na huko ndiko chakula cha kupashwa moto kinakopatikana. Jumapili usiku na Jumatatu migahawa mingi ya Ufaransa hufungwa, kwa hiyo usiache siku yako kubwa iangukie hapo.

Kuna alama mbili ndogo za kuangalia kwenye menyu. Ufaransa, tangu 2014, chakula kilichopikwa papo hapo kutokana na malighafi kinaweza kuwekewa nembo ya sufuria yenye paa la nyumba, na maneno fait maison, yaani kimetengenezwa hapahapa. Usiiamini kupita kiasi, maana malighafi hiyo inaruhusiwa kuwa iligandishwa. Italia, tafuta kinyota (*) kando ya jina la chakula. Kinaelekeza kwenye maandishi madogo chini ya ukurasa yanayosema kitu hicho kimetoka kwenye friza. Mwenye mzio aulize bila haya: sheria ya Umoja wa Ulaya inaulazimu mgahawa kutoa taarifa kuhusu vizio 14, yaani vyakula vinavyosababisha mzio.

Samaki mzima ndiye anayetoa watu jasho. Italia bei yake huandikwa all'etto, yaani kwa kila gramu 100. Unaona euro 7 na unafurahi. Samaki analetwa mezani akiwa mbichi, unamkubali kwa kutikisa kichwa, hakuna anayetaja uzito. Kumbe ana gramu 900, pamoja na kichwa na miiba, na bili inasoma euro 63. Dawa ni kuuliza uzito na bei nzima kabla hajarudishwa jikoni. Mhudumu hakasiriki, amezoea. Nyama ya mfupa ya Firenze nayo huuzwa kwa mtindo huohuo, na kipande kimoja mara nyingi huzidi kilo.

Italia pia si lazima uagize hatua zote za mlo. Pasta peke yake inatosha. Ukichukua nyama, jua kwamba inakuja yenyewe tu. Mboga huagizwa kando. Tozo ya coperto, kwa kawaida euro 1 hadi 3 kwa kichwa, ni ya kukaa mezani, si wizi. Ufaransa huduma imo ndani ya bei, na maji ya bomba kwenye jagi ni bure ukiyaomba.

Bili haiji mpaka uiite. Kuileta bila kuombwa ni kama kukufukuza, hivyo usikae ukinuna. Ukilipa kwa kadi, mashine inaweza kukuuliza kama unataka kukatwa kwa fedha ya kwenu. Chagua euro, kwa sababu hicho kiwango kingine cha kubadilisha fedha hupangwa na wenye mashine na karibu kila mara kinakuumiza. Baadhi ya wahudumu hukubonyezea wenyewe, kwa hiyo soma kioo kabla ya kuingiza namba ya siri.